Dirisha Likipanuliwa, Nafasi Inayozidi ni ya Nani? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni ya vijana wanaojifunza kuandika programu hapa Lamu. Mengi nimeulizwa zaidi ya mara moja: barazani baada ya Alasiri, ndani ya boti ya kwenda Mokowe, au kwa simu usiku mtu akiwa amekwama. Mifano mingi ni ya lugha ya Python na Tkinter, chombo chake cha kutengenezea madirisha, kwa kuwa wengi huanzia hapo, lakini nimegusa pia vyombo vingine vya kazi hiyo: Windows Forms, Qt na Swing. Majina ya amri nimeyaacha kama yanavyoandikwa kwenye msimbo.

Nikivuta kona ya dirisha, vitu vyote vinabaki vimejibana juu kushoto na kwingine kote ni kutupu. Nimekosea wapi?

Hujakosea, ila kuna jambo hujalisema. Kompyuta haijui nani apewe nafasi mpya mpaka uiambie. Katika grid ya Tkinter, njia ya kupanga vitu kwa safu (za wima) na mistari (ya mlalo), kila safu na kila mstari huanza na weight, yaani fungu lake la nafasi ya ziada, ya 0: haupati nyongeza yoyote. Windows Forms nayo hufunga kila kitu juu na kushoto tangu unapokiweka. GridBagLayout, mpangilio mmojawapo wa Swing, hufanya kinyume kidogo: usipotaja weightx wala weighty, vitu vyote hukusanyika katikati ya dirisha kama watu waliokimbia mvua. Sura ni tofauti, sababu ni ile ile.

Basi nianzie wapi?

Anzia kwenye karatasi, kabla ya kugusa kibodi. Chora dirisha lako, kisha jiulize swali moja tu: likipanuliwa, nafasi inayozidi ni ya nani?

Mimi hulieleza kwa mirathi, kwa sababu hapa kwetu kila mtu amewahi kukaa kwenye kikao cha mirathi au kusikia habari zake. Wenye mafungu maalumu hupewa mafungu yao kwanza. Kinachobaki huenda kwa asaba. Kama hakuna kilichobaki, asaba hana la kudai. Mpangilio wa dirisha unakwenda karibu hivyo hivyo: lebo, vitufe na visanduku vifupi hupewa kwanza kile vinachohitaji, halafu kinachosalia kinagawiwa wale uliowataja kuwa warithi wa mabaki. Usipomtaja hata mmoja, mabaki hukaa bila mwenyewe, na hicho ndicho kile kitupu ulichokiona.

Katika madirisha mengi asaba ni mmoja tu. Kwenye programu ya barua ni sehemu ya kusomea barua. Kwenye leja ya nauli za boti ni jedwali la abiria. Kwenye programu ya ramani ni ramani yenyewe. Ukijikuta umetaja watano, rudi kwenye karatasi.

Kufunga kitu upande mmoja na kukifunga pande mbili kuna tofauti gani?

Nenda gatini uangalie boti zilivyofungwa. Iliyofungwa kamba moja huufuata upande ule ilikofungwa. Sasa fikiria boti iliyofungwa mbele na nyuma, kila kamba kwenye gati lake, halafu magati yakaanza kuachana: kama kamba hazirefuki, hapana budi boti yenyewe inyooke. Boti ya mbao haiwezi kunyooka. Kisanduku cha maandishi kinaweza.

Hiyo ndiyo kazi ya Anchor katika Windows Forms. Kitu kilichofungwa kulia peke yake huhama pamoja na ukingo wa kulia, upana wake haubadiliki. Kilichofungwa kushoto na kulia hutunza umbali wake kutoka kingo zote mbili, kwa hiyo hurefuka dirisha linaporefuka. Kisichofungwa popote huhama nusu ya mabadiliko: ukiongeza pikseli 100 za upana, kinasogea 50. Wengi hudhani hilo ni hitilafu, lakini ndivyo kilivyotengenezwa.

Delphi, chombo kingine cha kuandikia programu za Windows, ilipata Anchors katika toleo la 4, mwaka 1998. Visual Basic 6 ilitoka mwaka huo huo bila kitu cha namna hiyo, na ndiyo maana programu nyingi za zamani zina kurasa nzima za hesabu za kujumlisha na kutoa, zinazofanya kazi ambayo leo ni ya mstari mmoja.

Na Dock?

Dock, sifa nyingine ya Windows Forms, hukibandika kitu kwenye ukingo mzima, au hukiachia sehemu yote iliyobaki ukichagua Fill. Tatizo la kawaida ni jedwali lenye Fill kujificha chini ya upau wa juu. Mpangilio huanza na vitu vilivyo nyuma na kumalizia na vilivyo mbele, kwa hiyo lile lenye Fill lilete mbele kabisa ili lihesabiwe mwisho. Asaba tena.

Safu moja ina weight ya 1, nyingine ina 2. Mbona ya pili haina upana maradufu ya ya kwanza?

Kwa sababu kinachogawiwa ni ziada peke yake. Tuseme safu ya kwanza inahitaji pikseli 120 na ya pili 180. Mtumiaji akiongeza dirisha kwa 300, ya kwanza itachukua 100 na ya pili 200. Mwisho wake utapata 220 na 380. Hiyo si moja kwa mbili.

Ukitaka uwiano wa upana wote na si wa ziada, zipe safu hizo jina moja la kundi kwa uniform, nazo zitafuata weight kwa ukamilifu. Grid ya WPF, chombo kingine cha Windows, ina tabia nyingine: safu zenye alama ya nyota hugawana chote kilichobaki baada ya safu za kipimo maalumu na za Auto (zinazojipima kwa kilichomo), na 2* huwa maradufu ya 1* kweli kweli. Ukihama kutoka chombo kimoja kwenda kingine, hili ndilo la kwanza kuliangalia.

Nimeweka weight lakini kisanduku hakikui!

Nadhani nusu ya simu ninazopigiwa usiku ni za jambo hili.

Sababu ya kwanza ni sticky. Weight inakuza chumba, yaani kile kisanduku cha grid alimowekwa kitu. Haimgusi aliyemo chumbani. Usipoandika sticky, kisanduku kinabaki na upana wake wa mwanzo, kimekaa katikati ya chumba kilichopanuka. Ukiandika sticky="ew" unakishikisha ukuta wa kushoto na wa kulia, na hapo kinanyooka. Huu hapa mfano wa fomu ya mgeni, lebo zikiwa safu ya 0:

dirisha.columnconfigure(1, weight=1)
dirisha.rowconfigure(2, weight=1)
simu.grid(row=0, column=1, sticky="w")
jina.grid(row=1, column=1, sticky="ew")
maelezo.grid(row=2, column=1, sticky="nsew")
hifadhi.grid(row=3, column=1, sticky="e")

Soma polepole. Namba ya simu imeshikwa kushoto tu, kwa hiyo haikui. Jina linarefuka kwa upana. Maelezo yanakua pande zote, na mstari wa 2 ndio pekee uliopewa urefu wa ziada. Kitufe cha Hifadhi kinabaki na ukubwa wake, kikifuata ukingo wa kulia. Uamuzi wote wa dirisha hili umo ndani ya mistari sita.

Sababu ya pili hujificha zaidi, nayo ni mnyororo uliokatika. Kisanduku kimo ndani ya fremu, fremu imo ndani ya fremu nyingine, na hiyo imo ndani ya dirisha. Ukiweka weight na sticky kwenye fremu ya ndani ukaisahau ya nje, ukuaji unaishia mlangoni. Kila ngazi lazima iruhusu, kuanzia dirisha mpaka kisanduku chenyewe.

Njia ninayoitumia kuitafuta ngazi iliyokatika ni rangi. Ipake fremu ya nje nyekundu, ya kati kijani, ya ndani manjano, kisha vuta kona ya dirisha. Ukiona nyekundu inatanuka na kijani imesimama pale pale, umeshajua pa kurekebisha. Haichukui dakika tano, nami nimewaona watu wakipoteza siku nzima kwa kusoma msimbo tu.

Naweza kuchanganya pack na grid?

Hizi ni njia mbili za Tkinter za kupanga vitu: grid kwa safu na mistari, pack kwa kuvibandika kimoja baada ya kingine. Ndani ya fremu moja, hapana. Kila mmoja anataka kuamua ukubwa wa mzazi. Matoleo ya zamani ya Tk yaligandisha programu, wawili hao wakivutana bila mwisho. Ya sasa hukupa ujumbe wa kosa. Katika fremu mbili tofauti hakuna shida yoyote, hata ndani ya dirisha moja.

Ni vitu gani visikue?

Vingi. Kitufe kilichorefuka kutoka ukingo hadi ukingo kwenye skrini pana kinachosha macho, na mkono haujui ubonyeze wapi. Kisanduku cha tarehe au cha idadi ya wageni kina haja ya tarakimu chache tu. Ukikipa nusu ya skrini, mtumiaji anadhani anatakiwa kuandika insha. Ukubwa wa kisanduku ni maelezo kwa mtumiaji, yeye huusoma kabla ya kusoma lebo.

Kisha kuna vitu vinavyokua upande mmoja tu. Zitazameni nyumba zetu za mawe hapa mjini. Chumba kinaweza kuwa kirefu apendavyo mwenye nyumba, lakini upana wake hutawaliwa na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Kisanduku cha mstari mmoja ni chumba cha namna hiyo: kiache kirefuke kwa upana wa dirisha, lakini kimo chake kinatawaliwa na fonti. Ukikinyoosha kwenda chini hakiongezi hata neno moja.

Qt imelieleza jambo hili vizuri kuliko vyombo vingine nilivyotumia. Kila kitu kina sera yake ya ukubwa, ya upana peke yake na ya kimo peke yake: Fixed hakibadiliki, Preferred kinapenda kipimo chake ila kinakubali kukua au kupungua, Expanding kinataka kila kinachopatikana. Ukiwa na nafasi, soma orodha yote hata kama hutumii Qt. Inafundisha kufikiri.

Dirisha likifinywa je? Vitufe vyangu vinapotea.

Watu hupima kupanua wakasahau kufinya, na kufinya ndiko kunakoumiza.

Kwanza weka kikomo. Katika Tkinter ita update_idletasks ili vipimo vikamilike, kisha uipe minsize thamani za winfo_reqwidth na winfo_reqheight. Windows Forms ina MinimumSize. Qt hujihesabia yenyewe kutoka kwenye mpangilio, mradi umeutumia mpangilio kweli na hukuweka vitu kwa namba za mahali.

Pili, kama unatumia pack, angalia mfuatano. Anayepakiwa kwanza huchukua nafasi kwanza, na nafasi ikipungua anayeumia ni wa mwisho. Watu hupakia jedwali juu, kisha vitufe chini, kwa kuwa ndivyo wanavyoviona kwenye skrini. Dirisha likifinywa, vitufe ndivyo vinavyomezwa. Pakia mstari wa vitufe kwanza kwa side="bottom", halafu jedwali kwa fill="both" na expand=True. Sura haibadiliki, lakini sasa anayepungua ni jedwali, ambalo lina upau wa kusogezea na halipotezi kitu.

Si rahisi zaidi kuzuia dirisha lisibadilishwe ukubwa kabisa?

Ni rahisi kwako. Unaandika resizable(False, False) na maswali yote ya ukurasa huu yanakwisha. Mimi nilifanya hivyo, na nataka nieleze yaliyotokea.

Niliandika programu ya kuandikisha wageni kwa ajili ya nyumba moja ya wageni hapa mjini. Fomu ilikuwa na kimo cha pikseli 700 na nikaifunga hapo hapo. Kwangu ilionekana vizuri. Kompyuta ya mapokezi ilikuwa na skrini ya 1366 kwa 768, na mama aliyekaa pale, kwa kuwa macho yake yalianza kuchoka, alikuwa ameiweka kwenye ukuzaji wa asilimia 125. Piga hesabu: 700 ikikuzwa hivyo inakuwa 875. Kitufe cha Hifadhi kilikuwa chini ya ukingo wa skrini, na dirisha halivutiki.

Hakunipigia simu kulalamika. Nilipokwenda wiki kadhaa baadaye nilimkuta akijaza fomu, akafika kisanduku cha mwisho, akabonyeza Tab mara moja, akagonga kibonye cha spesi, fomu ikajisafisha. Nikamuuliza, "Mama, Hifadhi unaiona wapi?" Akaniambia, "Siioni mwanangu, lakini naijua ilipo." Alikuwa akikibonyeza kitufe kisichoonekana kwa kuhesabu. Na siku mkono ulipoteleza akabonyeza Tab mara mbili, alifika kwenye Futa, na taarifa za mgeni zikapotea akazianza upya mgeni akiwa amesimama mbele yake na mizigo yake.

Tangu siku ile silifungi dirisha la kazi. Vijisanduku vya ujumbe wenye neno moja na kitufe kimoja, sawa. Dirisha ambalo mtu anakaa nalo kutwa, hapana. Ukubwa wa maandishi ni haki ya macho ya mtumiaji.

Kwa hiyo nisipime kwa pikseli?

Pima kidogo iwezekanavyo. Windows huhesabu nukta 96 kwa inchi kama kipimo cha kawaida, asilimia 100. Mtumiaji akichagua 150, hesabu zako za mkono zinayumba. Acha chombo kipime maandishi yenyewe na kuipa lebo nafasi inayoihitaji. Na fahamu kwamba maneno hubadilika urefu lugha inapobadilika: programu iliyochorwa kwa vitufe vya Kiingereza vya herufi nne hukata "Hifadhi" na kubakiza "Hifad". Kitufe kinachojipima hakina shida hiyo.

Programu ni ya madrasa na inahitaji Kiarabu. Upande wa kulia unakuwaje?

Dirisha zima ligeuzwe kama kwenye kioo: lebo kulia, visanduku kushoto kwake, vitufe upande wa pili. Katika Qt, setLayoutDirection hugeuza mipangilio yote kwa amri moja. Windows Forms inataka sifa mbili, RightToLeft kwa maandishi na RightToLeftLayout kwa dirisha. Ukiweka ya kwanza tu, maneno yanageuka na dirisha linabaki lilivyokuwa.

Jedwali limekua, lakini safu zake zote zimekua sawasawa na inaonekana vibaya.

Jedwali nalo ni dirisha dogo, liulize swali lile lile. Treeview, jedwali la Tkinter lililomo kwenye ttk, huruhusu kila safu kunyooka mpaka ukatae. Weka stretch=False kwenye nauli, tarehe na namba ya simu, acha jina au maelezo ndiyo yachukue ziada. Namba za pesa zipange kulia, ili mamia yakae chini ya mamia.

Watumiaji wawili wanataka mgawanyo tofauti.

Wape kigawanyo wakivute wenyewe: PanedWindow, QSplitter au SplitContainer. Hifadhi pale walipokiacha.

Lini niandike hesabu zangu mwenyewe?

Mara chache: unapochora picha au grafu, au unapotaka sura ibadilike kabisa, mfano safu mbili ziwe moja dirisha likipungua chini ya pikseli 600. Tkinter hukupa tukio la Configure, linalokuarifu ukubwa ukibadilika. Tahadhari mbili. Tukio hilo huja mara nyingi mno mtu anapovuta kona, kwa hiyo usichore kila mara. Panga kazi kwa after baada ya milisekunde 150, na tukio jipya likija futa lililopangwa kwa after_cancel. La pili, ukibadilisha ukubwa wa kitu ndani ya tukio la kubadilika ukubwa, unaliita tukio jingine, na hilo jingine, mpaka kompyuta ianze kupuliza feni.

Haya yanahusu kurasa za wavuti pia?

Mawazo ndiyo hayo hayo. Mbunifu wa wavuti Ethan Marcotte alilipa jambo hili jina, responsive web design, na mwelekeo mwaka 2010, simu zilipoanza kutumika sana kusomea kurasa. Katika flexbox, mpangilio mmojawapo wa CSS, flex-grow huanza na 0, ni ile ile weight ya Tkinter. Mtego wake mkubwa ni kwamba kitu hakikubali kupungua chini ya maudhui yake: neno refu au picha husukuma ukurasa mzima ukatoka nje ya skrini ya simu. Andika min-width: 0 kwenye kitu hicho.

Programu yangu yote iko kwa place, ile njia ya Tkinter ya kuweka kila kitu kwa namba za mahali. Nianze upya?

Hapana. Chukua dirisha moja, lile linalotumika zaidi. Tafuta asaba wake, lizungushie fremu, hamisha vilivyobaki kimoja kimoja kwenye grid. Usiguse msimbo wa kazi yenyewe, wala hifadhidata. Ukimaliza, livute mpaka lijaze skrini, lifinye mpaka likatae, weka ukuzaji wa asilimia 150, kisha pita vitu vyote kwa Tab bila kugusa kipanya. Mwite mtu ambaye hajawahi kuliona akae nalo, wewe kaa kimya utazame mikono yake.

Dirisha likumbuke ukubwa wake likifungwa?

Likumbuke, watu hupenda kurudi kwenye meza yao walivyoiacha. Ila hakikisha mahali lilipokumbuka pangalipo. Niliwahi kufundisha Malindi kompyuta ikiwa imeunganishwa na projekta, dirisha nikaliweka kule ukutani. Kesho yake Lamu likafunguka kwenye skrini isiyokuwepo: programu inaendelea, hakuna kinachoonekana. Kabla ya kulirudisha, linganisha vipimo vyake na skrini zilizopo sasa, na kama limeangukia nje, lifungue katikati ya skrini kuu.